Nampeyo, mama mufinyanzi mwenye alifufua vyungu vya wazee wake

Katika muze kubwa za Marekani kuna vyungu vya rangi ya manjano, vipana ku mabega, vyenye mudomo mudogo na vyenye kupambwa na mabawa ya ndege. Vilifinyangwa na mwanamuke mumoja mwenye hakujua kusoma wala kuandika. Yeye mwenyewe hakuwa anaweka jina chini ya kazi yake. Leo chungu chake kimoja kinaweza kuuzishwa makumi ya maelfu ya dola, na wakati mwingine zaidi ya pale.

Mama huyo anaitwa Nampeyo, wa kijiji cha Hano, katika jimbo la Arizona, kusini-mangaribi mwa Marekani. Alikufa mwaka wa 1942. Lakini maisha yake yanaacha ulizo moja lenye linagusa kila mahali wenyeji wanatengeneza vitu vizuri na wageni wanakuja kuvinunua: mali ya wazee ni ya nani, na sifa inaenda kwa nani?

Kijiji juu ya mulima wa mawe

Wakati Wahispania walifika ile sehemu katika karne ya 16, walikuta watu wenye walikuwa wanakaa katika vijiji vya nyumba za mawe na udongo, zenye kubebana moja juu ya ingine. Wakawaita Pueblo, neno la Kihispania lenye maana yake ni kijiji. Jina lile limebaki mpaka leo, hata kama wale watu ni makabila mengi na hawasemi luga moja. Wengi wanakaa kando ya muto Rio Grande, katika jimbo la New Mexico. Wahopi wao wako mbali zaidi upande wa mangaribi, katika Arizona, juu ya milima yenye kichwa chake kimenyooka kama meza.

Ku mulima wa kwanza kuna vijiji vitatu vyenye kufuatana: Walpi, Sichomovi na Hano. Ukitazama haraka unaweza kufikiri ni kijiji kimoja. Lakini watu wa Hano hawakuwa Wahopi. Walikuwa Watewa, wenye walitoka ku Rio Grande kiisha maasi makubwa ya mwaka wa 1680, wakati Wapueblo walifukuza Wahispania kwa muda wa miaka 12. Wahispania waliporudia, Watewa fulani walikimbia kuelekea mangaribi. Wahopi wakawapa nafasi juu ya mulima, kwa sharti moja: walinde njia ya kupandia, juu ya maadui wenye walikuwa wanakuja kushambulia. Wakimbizi wakageuka walinzi. Kisha zaidi ya miaka 150 walikuwa bado wanasema luga yao, hata kama walikuwa wanaoana na Wahopi.

Nampeyo alizaliwa pale, karibu mwaka wa 1859 ao 1860. Mama yake alikuwa Mutewa wa ukoo wa Mahindi, na kwa wale watu mutoto ni wa ukoo wa mama. Baba yake alikuwa Muhopi wa Walpi, wa ukoo wa Nyoka. Njo maana bibi yake wa upande wa baba alimupa jina la nyoka: kwa Kitewa, Nampeyo maana yake ni nyoka mwenye hamumi mutu.

Bibi huyo alikuwa mufinyanzi. Mutoto alikuwa anatoka Hano anaenda kwa bibi yake ku Walpi, mwendo wa dakika kidogo tu, anakaa karibu yake na kutazama mikono. Hakukuwa masomo mengine. Ulianza kwa kutengeneza vyungu vidogo na mabaki ya udongo, na siku moja wakubwa wanaona kazi yako inaanza kuonekana.

Udongo, jiwe na moto

Hakuna gurudumu la kufinyangia kwa Wahopi. Mama anaenda kuchimba udongo, anauloweka, anatoa mawe na mizizi, anaukanda na miguu ao mikono. Kisha anatengeneza kitako, anasokota udongo kama kamba ndefu, anazungusha kamba moja juu ya ingine mpaka chungu kinapanda. Anakwangua ndani na inje na kipande cha kibuyu. Kikikauka, anakisugua na jiwe laini la mutoni, jiwe lenye mama anaweza kumuachia binti yake kama uriti. Hapa kwetu pia, mutu mwenye alikomalia mu kijiji cha wafinyanzi hatapotea katika ile hadisi.

Rangi nyeusi inatoka ku majani ya porini yenye wanachemusha mpaka yanakuwa mazito, wanachanganya na unga wa jiwe lenye chuma. Rangi nyekundu inatoka ku udongo wenye chuma. Burushi ni kipande cha jani la yuka, mumea wa jangwa, chenye wametafuna ku ncha mpaka nyuzi zinabaki. Kisha wanapanga vyungu chini, inje, bila tanuru, wanavifunika na vipande vya vyungu vyenye kuvunjika, na juu yake mavi ya kondoo yenye kukauka. Wanawasha moto. Upepo ukivuma vibaya, kazi ya majuma inapasuka katika saa moja.

Katika ujana wa Nampeyo, ile kazi ilikuwa imerudi chini. Miaka ya 1860 ukame na ndui viliua watu wengi, na Wahopi fulani walikimbilia kwa majirani wao Wazuni. Waliporudia, vyungu vyao vilikuwa na mapambo ya Kizuni juu ya rangi nyeupe yenye ilikuwa inapasuka-pasuka kisha moto. Vilikuwa vyungu vya kutumikisha: kuchota maji chini ya mulima na kuyapandisha ku mugongo, kuweka mahindi, kupakulia chakula. Lakini hakuna mwenye angevilinganisha na vile vya zamani, vyenye vipande vyake vilikuwa vinaokotwa kila siku mu muchanga.

Wanunuzi wanafika

Mwaka wa 1875 mupiga-foto William Henry Jackson alipita ku ule mulima, akamupiga Nampeyo foto. Alikuwa musichana wa karibu miaka 16, nywele zake zimesukwa duara mbili kubwa pembeni ya masikio, alama ya binti mwenye hajaolewa. Kaka yake, Tom Polacca, alikuwa anajua luga mingi na njo alikuwa anapokea wageni. Kijiji chenye kiko leo chini ya mulima kinaitwa kwa jina lake.

Mwaka uleule wa 1875, Muingereza mumoja, Thomas Keam, alifungua duka katika bonde lenye leo linaitwa Keams Canyon. Alikuwa anapokea mali ya wenyeji, anawapa unga, sukari, vitambaa na vyombo vya chuma. Aliona haraka kama watu wa miji mikubwa wanapenda vyungu. Zaidi sana walikuwa wanapenda vya zamani, vile vya manjano vyenye kutoka ku magofu. Njo Keam akaanza kuwaomba akina mama wamutengenezee vyungu vyenye kufanana na vile vya zamani. Vyungu vingi vya mali yake viko leo katika muze ya Peabody, ku chuo kikubwa cha Harvard.

Katika miaka ya 1880 treni ilifika kusini ya inchi ya Wahopi. Sasa mutu wa Chicago angeweza kufika Arizona katika siku kidogo. Lakini treni ilileta pia sufuria na ndoo za chuma, zenye hazivunjike. Mama mwenye alikuwa anafinyanga juu ya jikoni lake tu, angefinyanga tena juu ya nini? Katika vijiji vingi vya Pueblo ile kazi ilianza kukufa. Wenye waliendelea ni wale wenye walipata munuzi.

Nampeyo aliolewa mara mbili. Ndoa ya kwanza haikudumu. Watu wanasimulia kama bwana yule aliogopa kukaa na mwanamuke muzuri kiasi kile, eti wengine wangemunyanganya. Katika miaka ya 1880 alikaa na Lesou, mwanaume wa Walpi, na pamoja naye njo alijenga nyumba na kazi. Walizaa watoto, na mabinti wao watatu, Annie, Nellie na Fannie, wote walikuwa wafinyanzi.

Sikyatki, nyumba ya manjano

Kilometa karibu 5 kutoka Walpi kuna kilima cha mawe na muchanga. Pale kulikuwa kijiji cha Sikyatki, maana yake nyumba ya manjano. Watu walikaa pale tangu karne ya 14, na kilivunjika mbele Wahispania hawajakaa katika ile inchi. Masimulizi ya Wahopi yanasema watu wa Walpi njo walikivunja kisha ugomvi mukali kati ya majirani.

Vyungu vya Sikyatki vinahesabiwa kuwa kati ya vizuri zaidi vyenye vilitengenezwa Amerika ya Kaskazini mbele ya wazungu. Siri yao iko mbili. Ya kwanza ni udongo wa pale, wenye una chuma kidogo na unageuka manjano ku moto. Ya pili ni makaa ya mawe. Wahopi walikuwa wanachimba makaa ya mawe tangu karibu karne ya 14, wanapikia, wanaotea moto, na wanachomea vyungu. Moto wa makaa ni mukali kupita wa kuni, na chungu kinatoka kigumu, kinalia kama kengele ukikigonga. Wahispania walipoleta kondoo, wafinyanzi waliacha makaa, wakachukua mavi ya kondoo.

Vyungu vile vilitembea mbali. Katika magofu ya Homol'ovi, karibu kilometa 100 upande wa kusini, wachimbaji walikuta vipande vingi vya manjano vyenye havikutengenezwa pale. Watu wa Homol'ovi walikuwa wanalima pamba kando ya muto Little Colorado, na wachunguzi wengi wanafikiri pamba ilikuwa inapanda kaskazini na vyungu vinashuka kusini. Vipande vingine vilionekana mpaka ku vijiji vya Rio Grande. Kumbuka: mbele ya Wahispania hakukuwa farasi wala punda. Kila chungu kilienda ku mugongo wa mutu.

Mwaka wa 1895 Jesse Walter Fewkes, muchunguzi wa taasisi ya Smithsonian ya Washington, alikuja kuchimba Sikyatki. Aliajiri wanaume wa karibu, na Lesou alikuwa kati yao. Walitoa mamia ya vyungu, na vingi vilitoka katika makaburi, kwa sababu wazee walikuwa wanawazika watu wao pamoja na vyombo. Vyungu vikapakiwa, vikaenda Washington. Nampeyo alikuja kutazama. Pamoja na bwana yake walichora mapambo ku karatasi na kalamu ya risasi: ndege, manyoya, mistari, viumbe vyenye hakuna mutu alikuwa anavichora tena.

Nani alimufundisha?

Fewkes aliandika kama ile kazi yake ya kuchimba njo ilianzisha vyungu vipya vya Nampeyo. Wengi walirudilia vile, na kwa miaka mingi vitabu vilisema muzungu alimuamusha mama wa Hano. Lakini tarehe hazikubali. Mbele ya 1895 Nampeyo alikuwa tayari anauzisha kwa Keam vyungu vyenye kufuata mufano wa zamani. Vipande vya Sikyatki na vya magofu mengine vilikuwa chini ya miguu yake tangu utoto. Kuchimba kulimuonyesha vyungu vizima, na hiyo ilimusaidia. Lakini jicho na mukono vilikuwa vyake.

Tena hakunakili tu. Vyungu vyake vya kwanza vinafuata vya zamani karibu sana, lakini kisha miaka kidogo anachukua bawa la ndege wa Sikyatki, analikata, analigeuza, analirudilia kuzunguka bega lote la chungu, anaacha nafasi tupu mahali mwengine angejaza. Aliacha ile rangi nyeupe yenye kupasuka, akatafuta udongo wenye unaweza kusuguliwa wenyewe mpaka unangaa. Chungu chake kipana, chenye bega la chini na mudomo mudogo, ni kigumu sana kutengeneza bila gurudumu, juu udongo mubichi unataka kuanguka katikati.

Fewkes alikuwa na woga mumoja: kazi ya Nampeyo ilikuwa inafanana sana na ya zamani, na wafanya-biashara wenye hawana haya wangeweza kuiuzisha kama vitu vya kale. Ule woga unaonyesha kiasi gani alikuwa fundi. Unaonyesha pia shida yake: chungu bila jina kinaweza kusema uongo juu ya mwenye alikitengeneza.

Ku Grand Canyon

Wenye treni walielewa mbele ya wengine kama sura ya Nampeyo inaweza kuleta abiria. Mwaka wa 1898 alienda Chicago na bwana yake kuonyesha kazi. Kampuni ya Fred Harvey, yenye ilikuwa na hoteli ku njia ya treni ya Santa Fe, ilijenga pembeni ya bonde kubwa la Grand Canyon nyumba yenye kufanana na za Wahopi. Iliitwa Hopi House, na ilifunguliwa mwaka wa 1905. Nampeyo na jamaa yake waliletwa kukaa pale, wafinyange mbele ya macho ya watalii. Walirudi tena mwaka wa 1907, na mwaka wa 1910 alienda Chicago mara ingine.

Foto zake zilitembea inchi yote, kati yake zile za Adam Clark Vroman na Edward Curtis, na zilitumiwa katika matangazo ya safari. Pengine yeye njo alikuwa mwenyeji wa Amerika mwenye foto zake zilijulikana zaidi katika ile kazi ya sanaa. Wakati uleule, serikali ilikuwa inalazimisha Wahopi kupeleka watoto ku masomo ya mbali. Katika mwaka wa 1895, ule mwaka wa Sikyatki, wanaume 19 wa kijiji cha Oraibi walifungwa katika gereza la Alcatraz juu walikataa. Inchi ileile ilikuwa inafunga wazee wenye kulinda desturi, na inalipia tikiti ili kumuona mama mwenye kufinyanga kwa desturi ya zamani.

Ku Hopi House, kampuni ilikuwa inabandika chini ya vyungu karatasi ndogo yenye kuandikwa jina la Nampeyo. Ilikuwa juu ya biashara, lakini ilisaidia: vyungu vingine tunavijua leo juu ya ile karatasi. Feza zenye alipata zilisaidia jamaa kubwa, na akina mama wengine wa mulima wa kwanza wakafuata njia yake. Ufinyanzi wenye ulikuwa unataka kufa ukawa kazi yenye inalisha nyumba.

Macho yanazimika

Shida kubwa ya Nampeyo ilianza mapema. Trakoma, ugonjwa wa macho wenye ulikuwa umeenea katika vile vijiji vyenye maji kidogo, ilimushika. Mwanzoni mwa karne ya 20 macho yake yalikuwa yanapunguka, na karibu mwaka wa 1920 alikuwa karibu kipofu. Burushi ya yuka inataka jicho kali: mistari mingine iko mwembamba kama unywele, na hakuna njia ya kufuta.

Hakuacha. Mikono ilikuwa inajua. Aliendelea kusokota udongo, kupandisha chungu, kupima unene wake na vidole, kusugua na jiwe. Kisha wengine walikuwa wanapaka rangi: Lesou alisaidia, na zaidi mabinti wake. Lesou alikufa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Fannie, binti wa mwisho, alifanya jambo moja lenye mama yake hakuweza kufanya: chini ya vyungu vyenye walitengeneza wawili, aliandika majina yote mawili, la mama na lake.

Nampeyo alikufa katika mwezi wa saba mwaka wa 1942, ku kwao, kati ya watu wake. Alikuwa na miaka zaidi ya 80.

Kile vipande vilikuja kusema

Katika mwaka ule wa 1942 mwanamuke mwingine, muchunguzi Anna Shepard, alitoa kitabu juu ya vyungu vya kale vya Rio Grande. Mbele yake wachimbaji walifikiri kila kijiji cha Pueblo kilikuwa kinajitengenezea vyungu vyake. Shepard alikata vipande, akavifanya vyembamba mpaka mwangaza unapita, akavitazama katika mikroskopu. Aliona ndani ya udongo unga wa mawe yenye haiko karibu na kijiji cha Pecos, mahali vipande vilitoka. Kumbe vyungu vingi vya Pecos vilinunuliwa kwa vijiji vingine. Vijiji fulani vilikuwa na mafundi wenye wanafinyangia wengine, na biashara ilikuwa kubwa kupita vile wasomi walifikiri. Wengi hawakumuamini mara moja. Leo kila muchunguzi wa vyungu anatumia njia kama yake.

Kwa hiyo Nampeyo, kwa kuuzisha kwa watu wa mbali, hakuwa anavunja desturi. Alikuwa anaendeleza kazi ya zamani sana. Tofauti ni hii: mama wa Sikyatki mwenye vyungu vyake vilifika Homol'ovi hatutajua jina lake hata siku moja.

Na vile vyungu vya makaburi? Mwaka wa 1990 Marekani iliweka sheria yenye kulazimisha muze zenye kupata feza za serikali kuandika orodha ya mifupa na vitu vya makaburi vya wenyeji, na kuvirudisha kama wenye haki wanaviomba. Ni karibu miaka 100 kisha Fewkes kupakia masanduku yake. Mazungumuzo kati ya muze na vijiji bado hayajaisha.

Ku mulima wa kwanza, vitukuu vya Nampeyo na watoto wao wanaendelea kufinyanga. Udongo ni wa palepale, na mabawa ya Sikyatki yanazunguka bado ku bega la chungu. Ukigeuza chungu, chini yake utakuta jina.